Mwendo wa Wimbo

"Unamuogesha au unamfua?"

Mama mkwe aliuliza akiwa amesimama kwenye mlango wa uani, mkono kiunoni, na usoni hakuwa na utani. Ndani ya beseni Kidoti, binti wa miaka mitatu, alikuwa amefumba macho na kubana midomo, huku mama yake akimpitisha sabuni mgongoni, shingoni, kwapani, mgongoni tena, chapuchapu, kama mtu aliyeanika nguo akasikia ngurumo. Nusu ya maji yalikuwa sakafuni.

"Namalizia, mama."

"Humalizii. Unakimbizana. Nani anakufukuza?"

Mama Kidoti alimtoa mtoto majini, akamzungushia taulo, akamkausha kichwa, tumbo, miguu, akachukua gauni la kulalia na kulipitisha kichwani. Mkono wa kulia uliingia. Wa kushoto ulikwama ndani ya gauni, na badala ya kuutafuta taratibu, aliushika kiganjani akauvuta.

Kilio kilichofuata hakikuwa cha kudeka. Mtoto alilia mara moja, kwa nguvu, kisha akaushikilia ule mkono kwa mkono wa pili kama kitu cha kuazima. Alipoambiwa aunyanyue, hakuweza.

Zahanati ilikuwa inakaribia kufungwa walipofika na mama mkwe. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliushika ule mkono, akaugeuza kidogo, akaukunja, na kitu ndani ya kiwiko kikarudi mahali pake. Kidoti akashangaa, akaacha kulia, akaomba maji.

"Umeteguka tu. Watoto wa umri huu ukiwavuta ndivyo wanavyokuwa," muuguzi alisema. "Nani alimvuta?"

"Nilikuwa namvalisha."

Muuguzi alimtazama. Kisha akampita kwa macho kana kwamba kiti alichokalia kilikuwa kitupu, akamgeukia mama mkwe. "Bibi, huko nyumbani mtoto yuko salama?"

Mama mkwe alinyamaza kidogo kabla ya kujibu kwamba yuko salama. Ni kule kunyamaza kidogo ndiko kulikomchoma Mama Kidoti kuliko swali lenyewe, kwa sababu alijua mama mkwe si mtu wa kuonea watu. Kama angekuwa mwonevu, angejibu haraka kwamba hayuko salama.

Waliporudi, baba wa mtoto alikuwa ameshafika. Alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache, na habari ile aliipokea akiwa ameinamia vidole vyake vyenye gundi.

"Ijumaa dada yako anakuja," mama yake alimwambia. "Nilimwita kwa ajili ya mambo mengine, lakini sasa ataondoka na mtoto. Akae naye mpaka mwenzako atakapotulia."

"Mama, tungezungumza kwanza."

"Si ndiyo tunazungumza?" Akamgeukia mkwe wake, na sauti ikashuka. "Sisemi wewe ni mbaya, mwanangu. Nimekaa na wewe, nakujua. Lakini miezi hii huna utulivu. Unakula umesimama. Unafagia kama unamtoa mwizi. Juzi ulimwimbia mtoto alale, mimi chumbani nikadhani unamgombeza. Mtoto akisikia funguo zako mlangoni anakuja kukaa nyuma yangu. Hilo umeliona?"

Aliliona. Alikuwa amejitia hakuliona, lakini aliliona. Alitaka kujitetea. Angesema nini? Kwamba mikono yake ilikuwa inatangulia na yeye anaifuata? Kwamba akilala, vidole vilikuwa vinagonga godoro vyenyewe? Angeonekana mwendawazimu, na mwendawazimu hapewi mtoto.

"Nimeliona, mama," alisema.

"Basi."

Mumewe alianza kukwangua gundi vidoleni. Yule binti, mkono ukiwa umepona kabisa, alikuwa ameshalala kwenye mapaja ya bibi yake.

*

Kiwanda alichofanya kazi Mama Kidoti kilishona mashati. Lilikuwa jengo refu la mabati, madirisha yake juu mno mtu hawezi kuchungulia, na cherehani zimepangwa kwa mistari. Shati lilianza mwanzo wa mstari likiwa vipande, likatoka mwisho likiwa na vifungo. Yeye alikuwa mtu wa kola. Aliyekaa nyuma yake alimpa shati lisilo na shingo, yeye akalitia kola, akamsukumia wa mbele. Ukichelewa, wa mbele anabaki mikono mitupu, wa nyuma anafunikwa na kazi, na mstari mzima unakugeukia.

Zamani msimamizi wao alikuwa mtu wa makelele. Walimwita Honi. Alipita katikati ya mistari akiwatukana, na wao walimchukia kwa umoja, na chuki hiyo kwa namna fulani iliwapumzisha, maana Honi akigeuka tu, mikono ililegea na vicheko vikatoka. Kisha Honi akaondolewa, akaja kijana msomi ambaye hakupaza sauti hata siku moja. Aliwaita mama zangu. Aliwauliza watoto hawajambo. Nao wakamwita Mpole.

Mpole ndiye aliyewakusanya akawauliza wangependa nini kiwarahisishie kazi. Watu waliinamisha vichwa, maana swali la namna hiyo hawakulizoea, na aliyesimama alikuwa Mama Kidoti.

"Tungeomba muziki, bosi. Kelele za cherehani zinatuchosha akili."

Haikupita wiki, spika zikafungwa juu ya kila mstari. Nyimbo walichagua wenyewe, zile za zamani ambazo vijana hawazitaki. Siku ya kwanza mama mmoja wa makamo, anayeshona vifungo na ambaye kila mtu alimwita Bi Vifungo, alifuta machozi kwa shati la kampuni. Baadaye walichanga kitambaa wakamshonea Mpole shati la shukrani, kila mtu sehemu yake. Kola ilikuwa ya Mama Kidoti, na hakuwahi kushona kola nzuri kama ile.

Tangu hapo kiwango cha mashati kwa siku kilipanda, kikapanda tena, na kila kilipopanda walikifikia. Walijisifu nacho. Muziki umetufungua mikono, walisema. Hakuna aliyejiuliza kwa nini jioni walitoka getini bila kuagana. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mmoja wao alidondoka chooni, au kwa nini mwingine alimzaba mumewe kofi kwa sababu alikuwa anatafuna taratibu. Hadithi ya kofi waliicheka siku nzima. Waliicheka upesi upesi, vichwa vikiwa vimeinama, bila mguu kutoka kwenye pedali.

*

Siku iliyofuata ile ya zahanati, baada ya kazi, Mama Kidoti hakuenda nyumbani moja kwa moja. Aliogopa kusikia mtoto akijificha. Alipita kwa mumewe, ambaye alishonea viatu kwenye kibaraza cha kinyozi, wakigawana kivuli na redio.

"Shemeji, karibu kiti," kinyozi alimwambia, mashine ikiunguruma kichwani mwa mteja.

"Sikai, shemeji. Napita tu."

"Wewe siku hizi hukai popote. Nadhani hata viti vyenyewe vimekata tamaa."

Mteja alicheka. Mama Kidoti naye alitaka kucheka, lakini kuna kitu kilikuwa kinamkera masikioni. Redioni mwanamke alikuwa anaimba, na Mama Kidoti aliyajua yale maneno kama anavyolijua jina lake, maana kiwandani wimbo huo ulipigwa kila siku, tena zaidi ya mara moja.

*Keti nami kizingitini, tusiwashe taa kwanza,*
*aliyeondoka na alfajiri, njia yake ni ndefu...*

"Redio yako betri zinaisha," alimwambia kinyozi.

"Betri?" Kinyozi alizima mashine ili afaidi vizuri. "Redio hii haijui betri inafananaje. Waya huo hapo, tangu nimeinunua iko ukutani."

"Basi kituo ndicho kibovu. Husikii anavyovuta maneno? Kama mgonjwa anayenyweshwa uji."

Mumewe aliinua uso kutoka kwenye soli, misumari ikiwa midomoni. Aliitoa mmoja mmoja. "Wimbo ndivyo ulivyo," alisema. "Siku zote uko hivyo. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha maneno yake?"

"Hauko hivi."

"Uko hivi, mama. Kaa usikilize."

Alikaa. Alikalia ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Akasikiliza, na ndipo alipouona mkono wake wa kulia. Ulikuwa juu ya paja, unagonga. Mguu nao ulikuwa unakanyaga pedali isiyokuwepo. Mkono ulikuwa unaufuata wimbo, ule ule, neno kwa neno, lakini ulikuwa umeshafika mwisho wa ubeti wakati mwimbaji yuko katikati. Mkono ulikuwa umemwacha mwimbaji nyuma.

Alijaribu kuungoja. Aliuzuia mkono kwa mkono mwingine, akalifuata neno la mwimbaji hadi lilipoisha, na kati ya neno hilo na linalofuata akakuta nafasi. Nafasi kubwa, tupu, ambayo ndani yake gita dogo lilikuwa linasema jambo lake bila haraka. Miezi yote hiyo hakuwahi kulisikia lile gita. Mle ndani ya nafasi ile kulikuwa na mama yake mwenyewe, marehemu, akichambua mboga na kuuimba wimbo huu, akinyamaza, akiangalia nje, akiendelea. Mama Kidoti akaanza kulia. Si kwa kwikwi. Machozi yalishuka tu, kama maji kwenye bomba lililosahauliwa wazi.

Kinyozi aligeuka akajifanya anatafuta brashi. Mteja, nusu kichwa kimenyolewa, aliangalia ukuta.

"Nani kakukosea?" mumewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanaukimbiza," alisema. "Pale kazini. Wanaukimbiza wimbo, na sisi tunaukimbilia."

*

Mchana uliofuata, wakati wa chakula, aliwaeleza wenzake nyuma ya jengo walipokuwa wameketi na vyombo vyao. Alieleza vibaya, akirudia rudia, kwa sababu jambo lenyewe likisemwa kwa mdomo lilikuwa linachekesha.

"Kwa hiyo muziki unatuloga," alisema mmoja, msichana waliyemwita Mkasi kwa ajili ya ulimi wake.

"Sijasema kuloga. Nasema wameuongeza kasi. Kidogo kidogo, ndiyo maana hatukujua."

"Na wewe ndiye uliyeuomba."

"Niliomba muziki. Sikuomba fimbo."

"Shoga, usinielewe vibaya." Mkasi alilamba kijiko. "Tumesikia ya mtoto wako. Habari zinatembea. Mtu akimuumiza mwanawe lazima atafute wa kumbebesha, na spika haina mdomo wa kujitetea."

Wengine walitazama chini. Mama Kidoti alihisi uso ukimwaka, lakini hakuondoka. "Nilimuumiza mimi," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Sijamsingizia mtu. Ila nataka kujua mkono huu ulijifunza wapi."

Bi Vifungo alifunika chombo chake. "Kwa nini tubishane juu ya kitu kilichomo vinywani mwetu? Uimbeni basi tuone."

Waliona haya mwanzoni, kisha mmoja akaanza na wengine wakadakia. Hakukuwa na spika, hakukuwa na cherehani, palikuwa na ukuta na wanawake wameshiba. Waliimba kama walivyouzoea. Wakafika *kizingi*, pumzi zikawaishia, wakavuta hewa, wakamalizia *tini*. Mstari wa pili uliwaparamia kabla hawajamaliza wa kwanza. Mtu akapaliwa. Wakacheka, wakaanza tena, na safari hii walijaribu kuupunguza na wakashindwa. Kila walipoushika ulichoropoka. Kicheko kikapungua, kikafa.

"Wimbo huu," Bi Vifungo alisema, "ulikuwa wa kukaa kitako. Mtu ukiuimba unaweka chini ulichoshika. Nilimuimbia mume wangu alipokuwa mgonjwa. Sasa naimba nini mimi hapa?"

Mkasi alikuwa ameacha kula. "Mimi nikiusikia mtaani," alisema pole pole, "huwa nadhani ni mimi nimechoka."

*

Jioni hiyo Mpole aliwapokea ofisini, Mama Kidoti na Bi Vifungo, akawavutia viti kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibuni, mama zangu. Watoto hawajambo?"

"Tumekuja kuuliza kuhusu muziki," Mama Kidoti alisema. Alikuwa amejiandaa kukanushwa. Alikuwa amejiandaa kuambiwa ana kichaa, kutishwa, kufukuzwa. Hakujiandaa kwa kilichotokea, ambacho ni kwamba Mpole alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri.

"Ah, mmegundua. Hongereni." Aliwageuzia kompyuta. "Ni kidogo tu. Asubuhi tunaanza na mwendo wa kawaida, tunaupandisha taratibu, na baada ya chakula, mnapokuwa na usingizi, tunapandisha tena. Programu hii inabana muda bila kuharibu sauti ya mwimbaji. Mwili wa binadamu unafuata mdundo wenyewe, haujiulizi. Moyo unafuata, mikono inafuata. Yamefanyiwa utafiti."

"Mlituficha."

"Hatukuficha, mama. Hamkuuliza."

Bi Vifungo alitikisa kichwa. "Mwanangu, Honi alitutukana, lakini tulikuwa tunajua tunatukanwa."

"Ndiyo hilo nasema. Mimi nimemtukana nani? Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelazimishwa. Mmefanya kazi mnaimba. Kama ingekuwa inawaumiza, si mngehisi?"

"Mwanangu alihisi," Mama Kidoti alisema.

Mpole hakuelewa, akangoja.

"Naondoka hapa na mwendo wenu mwilini. Naufikisha nyumbani. Nampikia nao, namuogesha nao, namvalisha nao. Juzi nimemtegua mkono. Muuguzi ameuliza kama mtoto yuko salama na mimi. Wewe uliniomba mikono ya kushona kola, nikakupa. Nani alikupa ile ninayoshikia mtoto?"

Kwa muda mfupi yule kijana alionekana mdogo kuliko umri wake. Alitazama meza. Kama angesema pole wakati ule, pengine Mama Kidoti angemsamehe, maana alikuwa mtu wa kusamehe haraka. Lakini alipoinua uso, upole ulikuwa umerudi mahali pake kama shati lililopigwa pasi.

"Nimewasikia, mama zangu. Sitaki mtu aumie. Kuanzia kesho muziki tunauzima."

Bi Vifungo alishusha pumzi.

"Kiwango kitabaki kilivyo, bila shaka," Mpole aliongeza. "Mmeshaonyesha kwamba mnakiweza."

*

Ijumaa asubuhi spika zilikuwa kimya. Cherehani zilinguruma zenyewe, ngurumo ile mbaya ya zamani, na wanawake walifanya kazi bila kutazamana. Aliyekaa nyuma ya Mama Kidoti alimtupia shati la kwanza badala ya kumpa.

"Umefurahi?" alimuuliza. "Kazi ile ile, na hata wimbo umetunyang'anya."

Mama Kidoti alisubiri. Aliamini kwamba bila spika mikono itarudi yenyewe, kama mtoto anavyorudi nyumbani akichoka kucheza. Haikurudi. Kola zilipita chini ya sindano kwa kasi ile ile, shati juu ya shati. Alitazama mstari wa mbele, akatazama wa pembeni. Vichwa vyote vilikuwa vinatingishika pamoja. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka pamoja. Halafu akasikia kitu chembamba kama nyuki.

Alikuwa Bi Vifungo. Alikuwa anavumisha wimbo puani bila kujua, macho kwenye vifungo vyake, na aliuvumisha mbio mbio, kwa mwendo wa baada ya chakula. Jirani yake akaudaka. Mkasi akaudaka. Punde mstari mzima ulikuwa unavuma, kisha mistari mingine, na mikono ikaongeza kasi kwa raha ya kupata kilichopotea. Mpole alitoka ofisini, akasimama mlangoni, akasikiliza. Hakugusa kitu. Alirudi ndani akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala.

Mama Kidoti alitoa mguu kwenye pedali.

Hasira iliyompanda hakuwahi kuijua. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa baridi, na ilimkalisha kitako kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Kwa hiyo hata ndani ya kimya chao kasi ilikuwa imeshapandwa. Kwa hiyo Mpole na wakubwa wake walikuwa wameingia hadi kwenye wimbo wa kumlilia mtu, wakaukung'uta huzuni yote ikatoka, wakabakiza mdundo, na mdundo huo wakawaachia wajipigie wenyewe.

"Mama Kidoti, shati," alisema wa nyuma. Rundo lilikuwa linapanda.

Alichukua shati. Aliweka kola, akalinganisha ncha zake, akashona taratibu, kama anavyoshona mtu anayejua shati litavaliwa. Akaimba. Sauti yake haikuwa nzuri, na alikuwa mtu wa haya. Lakini aliimba wimbo kwa mwendo wake wenyewe, na penye gita alinyamaza na kungoja. Kuzunguka kwake mvumo ule wa mbio ulimpiga ubavuni kama watu wanaokimbilia geti, na mara mbili tatu ulimchukua, naye akasimama, akaanza upya.

"Nyamaza, unatuchanganya," mmoja alisema.

"Naomba mchanganyikiwe," alijibu, na hakujua kama alikuwa anatania.

Bi Vifungo aliinua uso. Alitazama mikono yake kama mtu aliyekutana nayo njiani, akaiweka mapajani. Wengine hawakuacha. Mashati yalijaa mezani, yakadondoka, wa mbele akakaa mikono mitupu, na kabla ya chakula cha mchana Mama Kidoti aliitwa ofisini akaambiwa, kwa sauti ya chini sana na ya heshima, aende nyumbani akapumzike na asihangaike kurudi.

*

Wifi alikuwa ameketi kwenye kochi, mkoba wa nguo za mtoto miguuni, bado hajavua viatu. Alikuwa mwanamke mwenye akili na asiyependa kupoteza muda.

"Mapema leo," alisema.

"Wamenifukuza."

Mama mkwe alitokea jikoni. Mumewe, aliyekuwa amefunga kazi mapema kwa ajili ya siku hiyo, alisimama. Mama Kidoti aliwaeleza yote, hadi ule mvumo.

"Ngoja nikuelewe, wifi," alisema wifi. "Watu wanapigwa makazini kwao, hawalipwi, wanakatwa vidole na mashine, wananyamaza. Wewe umepigiwa muziki mtamu, umekataa kazi."

"Ndiyo."

"Na nikiulizwa huko nyumbani nitasema hivyo? Aliacha kazi kwa ajili ya wimbo?"

"Sema hivyo hivyo. Mimi mwenyewe sina jina jingine la kuliita. Wangenipiga ningekuonyesha alama."

Mumewe alisogea akasimama karibu naye. "Nilimsikia," alimwambia dada yake. "Nilimwona mbele ya redio ya kinyozi. Si uongo."

"Sijasema uongo. Nasema basi langu litaniacha." Wifi alifungua mkoba, akatoa gauni la safari la bluu. "Nani anamvalisha? Mama, mvalishe wewe."

"Nitamvalisha mimi," Mama Kidoti alisema.

Wifi na mama mkwe walitazamana. Mama mkwe akamwita mtoto.

Kidoti alikuja kutoka chumbani na chupi tu. Aliliona gauni, akaona ni mama yake aliyelishika. Akasimama mbele yake, akafumba macho, akabana midomo, na akainua mikono yote miwili juu, haraka mno, imekaza kama vijiti. Gauni lilipomgusa kichwani alijisukuma mwenyewe ndani yake, akisukuma kichwa, akisukuma mkono, akihema, ili amalize kabla hajavutwa.

Mama Kidoti aliliinua lile gauni, akalitoa. Alipiga magoti sakafuni, akaliweka mapajani, na mikono yake akaikalisha juu ya gauni mpaka ikatulia, na kutulia kwenyewe hakukuwa kwa upesi.

Mtoto alikuwa bado ameinua mikono, macho yamefumbwa, anangoja.

"Shusha mikono, mama," alimwambia. "Hatuna haraka."

"Basi litaniacha," wifi alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeongea kanisani.

"Likuache," alisema mama mkwe. Alipita katikati yao, akauchukua mkoba kutoka miguuni mwa binti yake, akaupeleka chumbani. "Mwache mwenzako amngoje mwanawe."

Mkono mmoja wa Kidoti ulishuka. Ukakaa kidogo. Wa pili ukashuka. Baba yake alitazama pembeni. Mama Kidoti alibaki amepiga magoti, gauni mapajani, hafanyi kitu, na ilimgharimu kutofanya kitu kuliko kola zote alizowahi kushona. Kisha mtoto akafungua jicho moja, la kushoto, akamchungulia.